Boksi ngumu kwa pikipiki ya safari ndefu: za kiwandani, za Givi na wenzake, za alumini, au topboksi (ile ya juu, nyuma ya kiti) peke yake?

Shemeji yangu wa Arua, huku kwetu Uganda, kanunua Yamaha Tracer 900 ya mtumba, pikipiki safi kabisa, ila imekuja uchi, haina boksi hata moja, na tangu siku hiyo simu yangu haipumziki. "Shemeji, wewe niambie tu ninunue ipi, mimi nalipa." Nikamwambia shemeji, mimi hapa Bombo nimeshatumia aina tatu, ya nne nimeiendesha kwenye pikipiki ya rafiki yangu kutoka Karuma mpaka Pakwach, na bado siwezi kukwambia chukua hii basi. Inategemea. Akakasirika kidogo, akasema "inategemea" ni jibu la mawakili. Kwa hiyo nimekaa nikayaandika yote, yeye asome, na wewe ambae umekwama kama yeye usome pia.

Naongelea pikipiki kubwa za lami, zile nusu mbio nusu safari: FJR1300, Tracer, Kawasaki 1400GTR, Honda ST1300, VFR, Bandit 1250, BMW za RT. Sio boda. Boda ina keria yake ya chuma na inabeba mpaka kitanda na mwenye kitanda juu yake, haina habari na mambo haya.

Kabla ya kuangalia boksi yoyote

Watu wengi huanza na lita. Lita 36, lita 48, helmeti ngapi zinaingia. Mimi naanza na keria, yaani chuma kinachoshika boksi kwenye pikipiki, kwasababu boksi unainunua kwa macho lakini unayeishi naye ni keria. Boksi ikipasuka utaifunga kamba na utafika, keria ikikatika pale Migyera na jua la saa saba utakaa chini uangalie magari yanapita. Uliza boliti zinaingia wapi, ziko ngapi, na fremu ya nyuma ya pikipiki yako ni bomba la chuma au ni alumini ya kumiminwa. Chuma hupinda kwanza, inakupa habari. Alumini ya kumiminwa inakaa kimya alafu siku moja inapasuka.

La pili ni uzito. Kampuni nyingi zinaandika kilo 10 kwa boksi moja ya pembeni, hata FJR yangu ambayo boksi yake ni lita 30 maandishi yanasema kilo 10. Sasa fanya hesabu ya shule ya msingi: lita 30 za maji ni kilo 30. Yaani boksi imetengenezewa nguo, koti la mvua na viatu, sio spana na debe la asali ya West Nile. Tafuta mizani ile ya kuning'iniza ya wauza samaki, pima boksi ikiwa imejaa, na kushoto na kulia zisipishane sana. Na uzito wa boksi yenyewe pia ni mzigo, boksi mbili na keria yake zinafika kilo 15 kirahisi kabla hujaweka hata soksi.

La tatu upana. Boksi mbili za pembeni zinakufikisha kama mita moja kwenda upande, usukani wa pikipiki hizi haufiki hapo. Shida ni kwamba kichwa chako kimezoea kwamba vioo vikipita, na mimi nimepita. Ukitoka Bombo kuingia Kampala lazima upite Kawempe na Bwaise, na saa mbili asubuhi kati ya teksi mbili vioo vinapita vizuri tu, alafu unasikia kwaa nyuma, unageuka, kondakta ameshatoa kichwa dirishani anakuita majina.

La nne maji na vumbi, na huku kwetu ni yote mawili. Mvua ya Machi mpaka Mei na ile ya Septemba mpaka Novemba zinapima mpira wa boksi, na vumbi jekundu la marram, zile barabara za udongo, linapima kila kitu kingine, maana nyuma ya boksi upepo unazunguka na kunyonya vumbi ndani kama mtu anavuta supu kwa mrija.

La tano siku ya kuanguka, maana ipo. Siku hiyo nani atatengeneza, na spea inatoka wapi. Bei sitaandika kwasababu zinabadilika na dola kila mwezi, ila jua kwamba kitu chochote ukiagiza nje, juu ya bei ya duka kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18. Boksi ni kubwa na ndani ni hewa, na kusafirisha hewa kwa ndege ni ghali.

1. Boksi za kiwandani, zile pikipiki ilizaliwa nazo

*Kufunga.* Hapa hakuna mpinzani. FJR, 1400GTR, ST1300, mashimo na ndoano zipo tayari kwenye mwili wa pikipiki, hakuna mabomba yanayoning'inia. Unachomeka chini, unasukuma juu, unafunga mkono wa kushikia, kwisha. Indiketa hazihamishwi. Ukizitoa, pikipiki inabaki safi kama haijawahi kubeba kitu. Na mara nyingi zinafunguka na ufunguo uleule wa kuwashia. Ila ukinunua za mtumba kutoka pikipiki nyingine ufunguo hautaingia, inabidi ubadilishe silinda ya kufuli, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama zinakuja na funguo zake. Kuna mtu niliona ameletewa boksi nzuri mbili, zimefungwa, ufunguo umebaki Japan.

Sasa nikwambie kosa langu. Nimetoka Bombo alfajiri, nimepita Luwero, baada ya Nakasongola nasikia pikipiki imekuwa nyepesi upande wa kulia. Naangalia kioo, naona kitu cheusi kinajiviringisha kwenye lami nyuma yangu na shati langu jeupe linakifuata. Nimesimama, nimerudi mbio kabla lori halijafika. Boksi ilikuwa nzima, imechubuka tu. Nilipochungulia kwenye kitasa nikakuta changarawe moja, ndogo kama punje ya mtama, imekaa pale ulimi wa kufuli unapoingia. Mkono ulifunga, ufunguo ulizunguka, ila ulimi haukuingia mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nafuta kitasa kwa kidole kabla ya kufunga, alafu nashika boksi kwa mikono miwili naivuta kama nataka kuiba. Hii inahusu boksi zote za kuchomeka, sio za kiwandani peke yake.

*Upana na uzito.* Zinakaa karibu na mwili kuliko nyingine nyingi kwasababu waliochora pikipiki ndio waliochora boksi, na ekzosi ilishafikiriwa. Ila wakati mwingine unalipa kwa lita: za Tracer 900 GT ya 2018 zilikuwa lita 22 tu kila upande. FJR 30, GTR 35, ST1300 35.

*Maji na vumbi.* Mpira wake ni mzuri ukiwa mpya. Tatizo ni mlango, nyingi zinafunguka kwa pembeni kama begi la zamani la safari, kwa hiyo ukifungua ikiwa kwenye pikipiki vitu vyote vinataka kushuka kukusalimia. Fungua mbele ya polisi wa barabarani uone nguo zako za ndani zinavyokwenda kwenye vumbi. Dawa yake ni begi la ndani la kitambaa, mshonaji yeyote anakushonea ukimpa vipimo.

*Ikiumia.* Hapa ndio maumivu. Imepakwa rangi ya pikipiki, ikilala chini kidogo tu rangi imekwenda. Kishikio kikivunjika hupati kwenye soko la spea la Kisekka pale Kampala, unaagiza, na wakati mwingine unauziwa boksi nzima.

Inamfaa mtu wa lami, Kampala–Mbarara–Kabale, Kampala–Jinja, ambae anapenda pikipiki yake ibaki na sura yake na hataki kusumbuka na keria.

2. Plastiki za kampuni za vifaa: Givi, Kappa, SHAD, Hepco & Becker

*Kufunga.* Givi ni ya Italia, ilianzishwa 1978 na Giuseppe Visenzi, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano, SHAD ni ya Uhispania, Hepco & Becker ya Ujerumani. Wote wanafanya kitu kimoja: wanakuuzia keria ya pikipiki yako hasa, kwa jina na mwaka, alafu juu yake unachagua boksi. Uzuri ni kwamba kesho ukibadilisha pikipiki unanunua keria mpya tu, boksi zinahama na wewe. Mimi boksi zangu za Bandit nilimuuzia mtu mwenye Versys, keria ikabaki kwangu kwenye stoo, ipo mpaka leo.

Hapa kuna mtego mmoja mkubwa. Jina la kampuni kufanana sio kwamba vitu vinaingiliana. Givi wana Monokey na wana Monokey Side, ni mifumo miwili. Boksi ya V35 ni Monokey Side, haikai kwenye keria ya Monokey ya kawaida hata uombe. SHAD wana 3P, ile inashika boksi kwenye sehemu tatu na haina mabomba mengi, ukitoa boksi mabaki yake ni madogo tu, kwa pikipiki za lami naipenda sana kwa macho. Kwa hiyo usinunue boksi leo na keria mwezi ujao. Nunua pamoja, au andika namba ya mfumo kwenye kiganja.

Kufunga kwenyewe unaweza kufanya nyumbani na spana za kawaida na funguo za pembe sita, nusu siku kama huna haraka. Kitu kinachowashangaza watu ni indiketa: mara nyingi keria inakaa palepale indiketa zilipo au boksi inaziziba, kwa hiyo unazisogeza nyuma kwa kipande kinachokuja kwenye paketi na waya mfupi wa nyongeza. Ndani ya paketi pia kuna vipande vya bomba vidogo vya kuweka nafasi, vinafanana lakini urefu unatofautiana kwa milimita chache, ukivichanganya keria inakaa upande kama kofia ya mlevi. Vipange kwenye gazeti kabla hujagusa pikipiki.

*Upana na uzito.* Pana kuliko za kiwandani kwa kawaida, maana keria inaongeza sentimita zake, hasa upande wa ekzosi kama ekzosi yako imepanda juu. V35 ni lita 35 kila upande, SH36 za SHAD ni lita 36. Kilo ni zilezile 10. Na Givi wanashauri usizidi kilomita 120 kwa saa ukiwa na boksi, usidhani ni woga wa wanasheria, ukizidi hapo na mzigo mbaya nyuma inaanza kucheza kiuno.

*Maji na vumbi.* Sawa na za kiwandani, nyingi zinafunguka pembeni vilevile, chache zinafunguka juu.

*Ikiumia.* Afadhali. Rangi ni nyeusi, mchubuko hauonekani. Silinda za kufuli, mipira, bawaba, vyote vinauzwa kimoja kimoja ukiagiza. Plastiki ya ABS ikipasuka inaungika, mafundi wa bampa za magari pale Ndeeba wanaijua kazi hiyo kuliko mimi na wewe.

Inamfaa mtu ambae pikipiki yake haikuja na boksi, anaebadilisha pikipiki kila miaka miwili mitatu, au anaetaka kuwa na topboksi na za pembeni zinazofunguka na ufunguo mmoja.

3. Alumini

*Kufunga.* Za kuagiza nje, mfano zile Outback za Givi au za Touratech, zinakuja na keria ya bomba la mviringo, 18 mm ndio kawaida, na boksi inashikwa na ndoano au visahani. Shida kwa pikipiki za lami ni kwamba keria nyingi za aina hii zimetengenezewa pikipiki ndefu za vumbi, ukitafuta ya FJR au VFR utazunguka sana.

Ndipo watu wanakwenda Katwe, kwa mafundi wa chuma wa Kampala. Na mimi siwacheki, Katwe wanatengeneza kila kitu, ukipeleka mchoro mzuri unapata keria na boksi kwa pesa ndogo kuliko usafirishaji peke yake. Ila lazima ujue unachoomba. Rafiki yangu alitengenezewa keria na fundi mmoja, bomba nene zuri, rangi nzuri, ila pande mbili hazikuunganishwa nyuma ya gurudumu. Kila upande ulikuwa unajitegemea. Mimi niliichukua ile pikipiki Karuma ili yeye apumzike, na kabla hatujaingia Pakwach boksi ya kushoto ilikuwa inapunga mkono kwa kila tuta. Tumesimama, welding imekatika pembeni ya kiungo, sio kwenye kiungo chenyewe, pale ambapo chuma kilipashwa moto sana.

Pakwach tukapata mchomeleaji, kijana tu, ana mashine moja na mwamvuli. Akaleta waya anataka kuchomelea hapohapo pikipiki ikiwa imesimama na betri yake. Nikamwambia "Mdogo wangu, subiri." Akasema, "Mzee, mimi huchomelea boda kila siku hivi." Nikamwambia boda haina kompyuta. Tukatoa keria yote, boliti sita, akachomelea chini, akaongeza bomba la kuvuka nyuma kuunganisha kushoto na kulia, na ile keria mpaka leo iko imara. Tulipoteza saa moja na nusu na pesa ya chakula cha mchana. Nawaza, ingekuwa boksi ya kiwandani kishikio kimekatika Pakwach, ningesubiri wiki ngapi? Kwa hiyo ile hadithi inakata pande zote mbili, chuma cha Katwe kilikatika, na chuma cha Katwe kilitengenezeka.

*Upana na uzito.* Ndio pana kuliko zote na nzito kuliko zote. Zina pembe za mraba, na pikipiki ya lami ina mguu wako karibu na boksi. Hili linahusu usalama, sio starehe: ukikanyaga chini kwenye matope wakati pikipiki bado inakwenda, boksi inakuja kukamata ndama ya mguu kutoka nyuma. Watu wamevunjika hivyo. Jifunze kuacha miguu juu ya vikanyagio.

*Maji na vumbi.* Kama mfuniko ni mzuri, hakuna kama hizi. Zinafunguka juu kama sanduku la bibi, unapanga vitu, hakuna kinachomwagika. Ila alumini tupu inatoa weusi unaoshika nguo, weka begi la ndani la sivyo shati la harusi litafika likiwa la msiba.

*Ikiumia.* Inapinda haipasuki. Jiwe na nyundo, unainyosha barabarani, mpira utavuja kidogo lakini unaendelea. Ila ile nguvu inakwenda mahali: plastiki ikigonga inavunjika yenyewe, alumini ikigonga inapeleka pigo kwenye keria na fremu.

Inamfaa mtu ambae nusu ya njia yake ni marram, anaekwenda Karamoja au kuvuka mpaka, na pikipiki yake ina fremu ya nyuma ya chuma.

4. Topboksi peke yake

Hii watu wanaidharau, mimi siidharau. *Kufunga* ni kazi ya saa moja, sahani na boliti nne juu ya keria ya nyuma. *Upana* haupo kabisa, Bwaise unapita kama boda. *Maji* hayaingii kirahisi, mfuniko uko juu. *Ikiumia* zipo madukani, hata zile zisizo na jina. Mama watoto anapata pa kuegemea, na kwa safari ya Arua hiyo peke yake inaweza kuamua mjadala wote nyumbani.

Ubaya ni mmoja lakini mkubwa, uzito uko juu na uko nyuma ya ekseli. Chukua FJR, kati ya ekseli na ekseli ni 1545 mm. Weka kilo 10 sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma: gurudumu la nyuma linabeba karibu kilo 12, la mbele linapunguziwa karibu 2. Kilo 10 utavumilia. Sasa mtu anaweka 25, pamoja na topboksi yenyewe na abiria, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaanza kutetemeka kwenye mwendo, na yeye analaumu tairi. Soma maandishi kwenye keria yako, nyingi za kiwandani zinaruhusu kilo 5 mpaka 10 tu, na hapo ni pamoja na boksi.

Inamfaa mtu wa kazi za mjini na wikendi ya Jinja, anaebeba laptopu, koti la mvua na kuku wa kuchoma wa Namawojjolo, pale njia ya Jinja, aliyefungwa vizuri.

Ukishachagua, wakati wa kufunga

Haya ni ya zote. Ingiza boliti zote kwa mkono kwanza, ziache legelege, angalia pande zote ziko sawa kwa kupima kutoka ardhini, ndio ukaze. Ukikaza moja mpaka mwisho ukiwa na nyingine nje, ya mwisho haitaingia na utaanza kuitukana kampuni. Gundi ya boliti ya bluu, sio nyekundu, nyekundu utaitoa kwa moto. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, usikaze kwa hasira, nyuzi za alumini hazisamehi. Acha nafasi kati ya boksi na ekzosi, washa pikipiki dakika kumi alafu gusa boksi kwa mkono, ikiwa ya moto ongeza nafasi au weka bati la kukinga.

Alafu safari fupi. Mimi huwa naenda Wobulenzi na kurudi, nafika nyumbani nakaza tena, kila mara kuna boliti moja au mbili zimelegea robo mzunguko. Ongeza ugumu wa shokapu ya nyuma, ongeza upepo wa tairi kama kitabu kinavyosema kwa mzigo, shusha taa ya mbele maana nyuma imekaa chini na utawapofusha watu. Vitu vizito chini na karibu na wewe, vyepesi juu na nyuma.

Na unapopakia pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni kwenye udongo, jaza kulia kwanza, weka jiwe bapa au kopo la soda lililokanyagwa chini ya stendi. Nimeshaona FJR inalala polepole kama ng'ombe mzee, mwenyewe ameshika rolex, ile chapati ya mayai, mkono mmoja.

Sasa wewe uko wapi

Kama pikipiki yako ilitoka kiwandani na boksi lakini uliinunua bila, tafuta zilezile za mtumba zenye funguo kabla ya kitu kingine chochote, mashimo tayari unayo bure.

Kama uko kwenye jam kila siku na safari ni mara mbili kwa mwaka, topboksi nyepesi, na hizo safari mbili azima au funga begi laini juu ya kiti. Kuna watu wananunua boksi tatu kwa ajili ya Krismasi moja.

Kama unabeba mke na mizigo kwenda mbali kwenye lami, za pembeni za plastiki mbili, na topboksi iwe ya helmeti na makoti tu.

Kama njia yako inaishia kwenye marram na unajua utaanguka, alumini, na keria ipitie mikono ya fundi unaemwamini, yenye bomba la kuvuka nyuma. Kama fremu yako ya nyuma ni alumini ya kumiminwa, rudi kwenye plastiki na upunguze mzigo.

Kama hujui pikipiki hii utakaa nayo mda gani, za kampuni za vifaa, unauza keria, unabaki na boksi.

Na wewe shemeji, Tracer yako sio GT, ile inayokuja na boksi zake, kwa hiyo kwako ugomvi uko kati ya namba moja na namba mbili, lita 22 nyembamba au lita 36 pana. Kabla hujatuma hela popote chukua futi upime ule mlango wa uani unapoingiza pikipiki usiku. Mimi Idi iliyopita niliupima kwa macho, FJR ikalala nje.